Kipimasukari cha Wageni

Katika ukuta wa kituo cha afya cha Tabora ziliwaka taa elfu arobaini, kila taa mtu mmoja. Asubuhi hiyo taa moja ikageuka manjano: sukari ya fundi cherehani wa sokoni ilikuwa ikishuka. Kabla hajahisi hata kizunguzungu, ndegetiba, kidege cha kituo kisicho na rubani, ilikwisha kutua mezani pake na chupa ya juisi ya miwa. Fundi akanywa, taa ikarudi kijani, cherehani ikaendelea kunguruma.

Mhandisi Zamda Kapaya ndiye aliyebuni kipimasukari kilichowasha taa hizo, kidude chepesi kama gamba la samaki, kinachovaliwa juu ya kiwiko na kusoma sukari kwenye jasho. Hakidai mengi. Mara moja kwa juma unakivua, unakifuta kwa kitambaa kikavu, unakiweka kwenye kitako chake kinachokula jua, na ukimaliza kuoga kimeshajaa chaji. Unakivaa tena, basi.

Lakini taa ya baba yake ilikuwa imezimika, na leo ilikuwa siku ya tisa.

Mzee Mrisho, mstaafu wa reli, aliishi peke yake tangu mkewe, Bi. Siwema, afariki. Sukari yake ilikuwa na hila, hushuka bila kubisha hodi, na ndegetiba haiwezi kumfuata mtu ambaye ukuta haumwoni. Zamda alidhani kitako kimeharibika. Alichukua kipya, akapanda gari-hewa kwenda kwake.

Alimkuta sebuleni, kanzu safi, akimenya karanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona ghafla? Ungeniambia, nikavaa."

"Ungevaa nini?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye kabati la vioo lililotazama dirisha. Humo, katikati ya vikombe vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, kipimasukari kilikaa juu ya kitako chake, chaji imejaa, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma.

"Nakifuta kila siku," alisema kwa fahari. "Kitu alichokibuni mwanangu, nikivae kupalilia mchicha? Hicho ni cha wageni. Juzijuzi nilikivaa harusini, wakaniuliza mpaka nikachoka."

Zamda alitaka kucheka, akataka na kulia. Miaka sita alikuwa amekikinga kifaa chake na maji, vumbi na joto. Hakuwaza kwamba kuna mtu atakayekipenda kupita kiasi.

"Baba, ukianguka humu peke yako, nani atajua?"

"Sijaanguka."

"Bado."

Mzee akaendelea na karanga zake. Alikuwa mbishi wa kimya, na Zamda alijua kuwa maelezo ya mitambo hayatamtoa hapo. Akafungua kabati.

"Mama alinunua lini vikombe hivi?"

"Mwaka uliozaliwa wewe. Alivitunza, hakijavunjika hata kimoja."

"Yeye alipenda kunywea kipi?"

Mzee alifungua mdomo kujibu. Akaitazama rafu ile, kikombe kimoja baada ya kingine.

"Hakunywea," alisema mwishowe. "Yeye alikuwa na kile chake cha bati. Hata alipougua."

Zamda alijuta kuuliza. Lakini mzee alikuwa tayari anakunja mkono wa kanzu, taratibu, mpaka juu ya kiwiko.

"Nivalishe. Kikichubuka, na kichubuke."

Kilipogusa ngozi tu kikatetemeka. Zamda akasoma namba juu yake: baba yake ameketi wima, anaongea vizuri, na sukari yake iko chini mno. Hakungoja ndegetiba; akakimbilia jikoni na chombo cha kwanza alichokishika kabatini, akakoroga sukari kwa maji, akarudi akimsihi anywe.

Mzee alipoona ukingo wa dhahabu alisita kidogo. Kisha akanywa chote, Zamda amemshikilia bega mpaka namba zikaanza kupanda.

Mzee hakukirudisha kikombe. Alikizungusha viganjani, akakipima uzito.

"Kumbe ni chepesi hivi," alisema. "Siwema angekifurahia."