Chumvi ya Haluli

Siku hiyo ya soko, watu walikuwa wamejazana mbele ya duka la dawa lililo jirani na stendi ya Kyela. Nyuma ya kaunta alisimama Prisca, koti jeupe juu ya gauni la kitenge cha njano, akihesabu vidonge huku jicho moja likiwa barabarani. Kila basi la Mbeya lilipopiga honi aliinua kichwa. Mji ulikuwa umemchosha, na kila gari lililoondoka aliliona kama limemsahau yeye.

Kijana mrefu, jezi imelowa mpaka kiunoni, akapenya katikati ya watu.

"Samahani dada. Mna chumvi ya haluli?"

"Ipo. Anayeumwa ni mtu mzima au mtoto?"

"Samaki."

Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni aliguna. Prisca akaweka kijiko cha dawa chini.

"Kaka, hapa kuna wagonjwa."

"Na yeye mgonjwa. Tumbo limevimba, choo hapati, chakula hataki, anahema juu juu kama mtu aliyepanda mlima." Akamsogezea simu. Kwenye kioo alionekana samaki mrefu kama mkono wa mtu mzima, wa rangi ya buluu iliyokolea, mdomo mpana, tumbo limetuna kama amemeza chungwa. Alikuwa ameinama upande mmoja ndani ya tangi la kioo.

Prisca alitaka kucheka, lakini alipomtazama yule kijana usoni, hamu ikamwisha.

"Chumvi hii itamsaidia nini?"

"Huyu ni mla samaki wenzake. Kitu kikimkwama tumboni, haluli inamlegeza. Naiyeyusha pembeni, namwongezea kidogo kidogo, na chakula simpi."

"Akifa je?"

"Nitapita hapa kukuambia."

"Akipona?"

"Nitapita pia."

Alipita. Samaki alikuwa amepona, na yeye alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri. Jina lake Gwamaka, mzaliwa wa Lyulilo, ambako mama yake aliuza vyungu gulioni, pale mitumbwi inaposhusha mizigo. Kyela alikuwa ameajiriwa na Zebedayo, mwenye mgahawa mkubwa wenye tangi la kioo lililochukua ukuta mzima. Gwamaka ndiye aliyewavua samaki wale, na ndiye aliyewatunza.

Tangu hapo simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe na watoto wako wa majini?"

"Wamelala. Mkubwa amekuulizia."

"Mwambie sina haluli ya bure."

Jioni Prisca alipita mgahawani akiwa amebadilisha nguo, na Gwamaka alimfundisha kuosha chujio na kusikiliza pampu ya hewa. Mapenzi yao hayakuwa ya kutulia. Hawakuweza kukaa mahali pamoja. Walitembea mpaka mwisho wa maduka, wakarudi, wakatembea tena, wakizungumzia kuondoka. Hoteli moja ya Dar es Salaam ilikuwa inamtaka Gwamaka akasimamie matangi yake.

"Ukienda, mimi je?" Prisca aliuliza.

"Kwani nani kasema naenda peke yangu?"

"Hujasema unaenda na nani."

"Nipe muda, mama. Neno hilo halisemwi njiani."

Prisca alimpa muda, lakini usingizi wake ulipungua.

Mama yake alipoumwa, ilibidi Gwamaka aende Lyulilo. Akamwachia Prisca kazi ya kuwaangalia samaki kila atokapo dukani. "Usiwape chochote," alimwambia. "Wameshiba. Tatizo lao ni kula, si njaa."

Huko ziwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Prisca alipiga mara nyingi bila kupata. Na siku moja alipopita mgahawani wakati wa mapumziko ya mchana, alikuta samaki mmoja amekufa, na yule mkubwa amevimba kuliko mara ya kwanza, macho yamemtoka.

Alilolijua Prisca ni lile alilofundishwa. Akakimbilia dukani kuchukua haluli, akamhamishia mgonjwa kwenye beseni kubwa lenye pampu yake, akaiyeyusha chumvi kwenye jagi, akaimimina taratibu. Zebedayo alisimama mlangoni akijifuta jasho shingoni. Alikuwa anajua kilichotokea. Wageni wake kutoka Mbeya walitaka kuona samaki wanavyorukia chakula, naye akawatupia mishkaki, kipande baada ya kipande, watu wakipiga makofi. Tangi lile ndilo lililomjazia wateja, na Gwamaka ndiye aliyekuwa roho ya tangi. Akaogopa kumpoteza.

Gwamaka alirudi mchana huohuo, begi bado begani. Alimwona aliyekufa kwanza. Kisha akaona beseni, chumvi iliyomwagika sakafuni, na Prisca amepiga magoti, kitenge kimelowa.

"Kumetokea nini?"

"Mwulize mwenzako amewapa nini," alisema Zebedayo. "Mimi nilimwona tu anahangaika na maunga yake."

Wateja waliacha kula. Prisca alimpa Zebedayo mgongo. Alimtazama Gwamaka, akingoja.

Gwamaka alikuwa hajalala vizuri kwa kumuuguza mama yake, na samaki aliyemlea kwa mkono wake alikuwa anaelea tumbo juu. Akamkazia Prisca macho.

"Uliwapa nini?"

Prisca akasimama polepole. Akajikausha mikono kwenye kitenge.

"Badilisha maji kabla ya jioni," alisema. "Na usimlishe."

Akatoka. Gwamaka alimfuata mpaka barabarani, lakini alikuwa keshapanda bajaji.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa, na baadaye ikawa haipatikani kabisa. Akashindwa kukaa. Alikwenda dukani akaambiwa Prisca ameomba ruhusa; akarudi kwenye beseni, akabadilisha maji, akatoka tena, akazunguka soko lote bila kununua kitu. Hasira yake ilikuwa imeanza kumkataa. Kila alipoikumbatia, alimwona Prisca amepiga magoti kando ya beseni, akimimina chumvi kidogo kidogo, kama alivyomfundisha.

Ile chumvi ilikuwa inafanya kazi. Asubuhi moja, Gwamaka akiwa ameinama kumtazama, yule samaki mkubwa alijikunja, akafungua mdomo, akatema. Kitu kikazama chini ya beseni. Gwamaka akakitoa kwa mkono. Kilikuwa kipande cha nyama ya ng'ombe chenye mafuta, kimechomwa upande, na uzi wa kitunguu umekishika.

Hakukaa chini kufikiri. Alikwenda nacho jikoni, akakiweka mezani mbele ya Zebedayo.

"Prisca hana jiko la mishkaki, bosi."

Zebedayo alikisogeza pembeni kwa kidole. "Wageni walitaka kuona," alisema. "Nilidhani utaondoka ukijua."

"Naondoka."

"Gwamaka, tuzungumze."

"Ulimwacha apige magoti mbele ya watu." Sauti yake haikupanda. "Na mimi nikamalizia."

Siku hiyohiyo akachukua bodaboda kwenda Mwaya, kwao Prisca. Njia nzima alikuwa anamhimiza dereva, na dereva anamwambia atulie, barabara ina mashimo.

Alimkuta uwanjani anageuza kakao iliyoanikwa, amevaa fulana kuukuu na khanga kiunoni. Prisca alimwona, akaendelea kugeuza.

"Ugonile," Gwamaka alimsalimu kwa Kinyakyusa, kumuuliza ameamkaje.

"Nimeamka. Mgonjwa wako?"

"Amepona. Ametapika mishkaki ya Zebedayo."

Mkono wa Prisca ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Kwa hiyo samaki amenitetea."

"Prisca, nimekuja kuomba msamaha."

"Asingetapika je?" Sasa alimtazama. "Nijibu ukweli. Ungekuja?"

Uongo mzuri ulikuwa karibu sana.

"Ningekuja. Nilishashindwa kukaa bila wewe. Lakini ningekuja kukusamehe."

"Kwa kosa ambalo sikulifanya."

"Ndiyo."

"Hapo ningekufungulia mbwa."

"Ningestahili."

Prisca aligeuka, akajifanya anaokota kokwa iliyoanguka. Mabega yake yalitikisika. Gwamaka hakujua kama analia au anacheka, na Prisca mwenyewe hakuwa na hakika.

"Si kuuliza kwako kulikoniuma," alisema. "Ni vile ulivyonitazama. Kana kwamba hunijui."

"Sikukujua siku hiyo. Hata mwenyewe sikujijua." Akasogea hatua moja. "Kazi kwa Zebedayo nimeacha. Dar wananingoja. Nilikuambia neno lile halisemwi njiani, na hapa si njiani. Nataka kukuoa, Prisca."

"Umesema hivyo kwa sababu unaona aibu."

"Aibu ninayo. Lakini neno hili lilikuwepo kabla yake."

Prisca alilitazama vumbi la safari lililomganda kwenye nyusi. Basi zima la hamu yake ya kuondoka lilikuwa limesimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kulipanda.

"Baba yupo nyuma ya nyumba," alisema. "Nenda kamsalimie. Usimweleze habari za samaki, hataelewa. Zungumzia mpunga, ndiyo kazi yake."

Mzee Angetile, baba yake, alikuwa ameketi ananoa mundu. Alipokea salamu ya Gwamaka, akamwonyesha kigoda, lakini mpunga hakuutaja.

"Binti yangu alirudi hapa hali chakula," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Na leo umefuata nini?"

"Nimefuata ruhusa ya kuleta wazee wangu."

Mzee alijaribu makali ya mundu kwa kidole gumba. Kisha akapaza sauti kuelekea uwanjani.

"Prisca, huyu anataka kuleta wazee. Nimjibu nini?"

Reki ya kakao ilikwaruza, ikasimama.

"Mwambie awalete, baba," sauti ya Prisca ikajibu. "Ila leo asiondoke kabla hajala."