Walburga Hajamaliza Kusema

Alhamisi ile nilitoka Nizwa baada ya darasa la mwisho, dawa za presha za Bibi mkobani, hasira kifuani. Ami Khalaf alikuwa ameshaamua, peke yake, kwamba Jumapili mama yake, Bibi yangu, apelekwe Maskati, wodi ya wagonjwa wa akili.

"Kila magharibi anasema maneno hayaeleweki," aliniambia kwenye simu. "Khalas, kichwa kimeharibika."

"Hayaeleweki na nani, Ami? Umeshakaa ukamsikiliza?"

"Mazoon, usiniletee midahalo yako ya chuo."

Midahalo yangu! Ningekuwa mwanamume ingeitwa hoja.

Nilifika Ibra, nyumbani kwa Bibi, mwadhini anaadhini magharibi. Da Mosi, mwanamke wa Tanga anayemtunza Bibi mwaka wa nne sasa, alifungua mlango kabla sijagonga.

"Shikamoo, Da Mosi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi. Keshaanza."

Ndani kulinuka utambi uliozimwa sasa hivi. Na poda. Nyumba ile haina mshumaa hata mmoja.

Bibi Ghalia alikuwa amesimama katikati ya chumba. Bibi ambaye mwaka mzima hainuki bila kushikwa mikono miwili! Uso wake ulikuwa mweupe, mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Unga wa ngano," Da Mosi alininong'oneza. "Nisipompa, anapiga meza."

Bibi akafungua kinywa.

Haikuwa sauti yake.

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusikika ukumbi mzima. Nilijaribu kujiambia ni ukemi wa kizee tu... mpaka nikashika neno moja. Kisha la pili. Nimesoma Kijerumani mihula mitatu, siwezi kukosea. Bibi kazaliwa Malindi ya Unguja. Anajua Kiswahili, Kiarabu na Kurani yake. Kijerumani kakitoa wapi?

Alikuwa malkia akimsihi hakimu asimuue. Mikono ikipanda, shingo imenyooka. Sikuweza kupepesa macho. Halafu...

Pumzi ikakatika. Katikati ya neno.

Midomo ikawa ya buluu. Kifua kikakoroma. Nikamrukia kumshika, akanisukuma kwa nguvu nisizozijua, akarudi mahali pake, akaanza upya. Neno lile lile la kwanza.

"Hapo hapo hukwama, kila siku," alisema Da Mosi, machozi yakimtoka. "Jana mara nne. Ami yako yeye ni hospitali, hospitali... moyo huu hautafika Jumapili."

Alileta chetezo, akatia udi. "Kwetu pepo huulizwa, naye hujibu. Mie naogopa. Wewe una mdomo."

Kweli, ninao. Nikamsogelea.

"Nani wewe?"

Shingo ikageuka polepole. Macho ya Bibi, lakini aliyekuwa akinitazama hakuwa Bibi.

"Walburga Streim." Sasa alisema Kiswahili, kile cha Unguja cha zamani. "Litamke vizuri. Walizoea kulitamka vibaya waliponifuta kwenye matangazo."

"Nini kilikupata?"

"Nilipanda jukwaani nina miaka sita, malaika wa mabawa ya karatasi. Baba alikuwa mtengeneza mishumaa, mji wa Brno. Kumi na saba, nilikuwa malkia Graz. Ishirini na mbili, Vienna nzima inanijua, wanafunzi wanafungua farasi, wanavuta gari langu wenyewe. Thelathini na tano, mkuu wa jumba la maigizo akasema nimezeeka. Nafasi yangu ya malkia akampa msichana wake. Mimi akanipa mizimu. Mizimu isiyosema."

"Ukakubali?"

"Nikubali! Usiku mmoja msichana aliugua, nikarudishiwa malkia. Nilikuwa kwenye hotuba ya mwisho. Watu wamenyamaza, hakuna hata kikohozi. Akaamuru pazia literemshwe. Mimi bado nasema. Likaniangukia katikati ya neno."

Wallahi, damu ilinichemka. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyomwogopa.

"Nilimfuata karani mmoja wa Hamburg mpaka Unguja," akaendelea. "Homa ikaniua Shangani. Aliyenifumba macho ni bibi wa mama yake huyu. Alinionea huruma. Nikakaa na kizazi chake."

Kifua cha Bibi kilikoroma tena.

"Msikilize huyu uliyemkalia!" nilipaza sauti. "Ana miaka themanini na sita! Yule bwana alikukata pumzi, na wewe unamkata yeye. Tofauti yenu nini?"

Shingo ikainama.

Naijua shingo ya namna ile. Ni ya mtu aliyeshindwa hoja. Na, Mungu anisamehe, niliifurahia.

"Basi nani atanimalizia?" aliuliza. Taratibu. Kama mtoto.

"Mimi."

Da Mosi aliangusha chetezo.

"Mwanangu! Pepo haahidiwi hivyo! Hutajiwa siku, hutajiwa na mwisho!"

Midahalo yote niliyoshiriki ilikuwa na dakika saba na kengele. Ahadi hii moja niliitoa bila kipimo.

"Nimekubali," ile sauti ikasema.

Bibi akaketi. Akajipangusa shavu, akatazama kiganja.

"Mazoon? Umekuja saa ngapi? Na nani kanipaka unga, nimekuwa mkate?"

Jumapili Ami Khalaf alikuja na gari. Bibi akamsuta kwa kanzu yake isiyopigwa pasi, akadai chai ya maziwa. Ami alicheka huku analia. Maskati ikafutwa. Mimi nilitafuta lile jina katika kamusi kuukuu ya waigizaji, nikapata mistari miwili. Alizaliwa Brno. Mwisho wake haujulikani.

Jumanne ilikuwa fainali ya mdahalo, baada ya alasiri. Nakumbuka nikipanda jukwaani. Nakumbuka adhana ya magharibi ikianza.

Kisha nakumbuka Nadhir, mwenzangu wa timu, akinishika mabega.

"Nimesema muda gani?"

"Dakika arubaini. Kengele imelia wee, hakuna aliyethubutu kukugusa. Hatukuelewa hata neno. Watu wamelia, Mazoon. Majaji wamelia."

"Nimemaliza?"

Aliniachia mabega.

"Hapana. Unakatika katikati ya neno, unaanza upya. Mara tatu."

Sasa ni kila magharibi.

Da Mosi ananipigia. Anasema njia ipo: nimwambie Walburga arudi kwa Bibi, atarudi.

"Bibi anaendeleaje?"

"Anakula. Analala. Leo katoka mpaka uani peke yake."

"Basi sisemi kitu."

Jana Ami Khalaf aliona video ya mdahalo. Akanipigia. Jumapili, alisema, ananipeleka mimi Maskati, wodi ile ile. Kisha akasubiri nimjie juu.

"Saa ngapi, Ami?" nikamuuliza.

Akaniuliza kama ni mimi kweli ninayesema. Nadhani hapo ndipo alipoogopa.