Mashine Iliyokosa Pumzi

Kila asubuhi Elina alishuka mtoni na ndoo mbili. Maji hayo aliyatumia kunywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Siku hizi, kabla hajachota, aliinama akayanusa kwanza. Hakuwa na amani.

Juu ya shamba lao, hapo Kawetele, kuna shule ya bweni. Majitaka ya shule huingia kwenye tangi kubwa la zege. Mashine hupuliza hewa ndani ya tangi, ili vijidudu vinavyokula uchafu vipate kupumua. Maji yakishasafishwa hutiririka hadi mtoni. Erasto, mume wa Elina, ndiye anayeitunza mashine hiyo. Ngurumo yake ilisikika mpaka nyumbani kwao.

Ijumaa Erasto alirudi amenuna. Alisema umeme wa mwezi umekwisha tena kabla ya mwezi kuisha, shule imelazimika kununua mwingine, na tangi limeanza kunuka. Mkuu wa shule, Mwalimu Reuben, amechoka na gharama. Jumatatu saa nne mashine itazimwa.

"Na ule uchafu?" Elina aliuliza.

"Utakuja kwetu."

Elina hakuweza kula. Jumamosi alimfuata Aika, jirani yao, fundi wa majitaka aliyehamishiwa Tukuyu kutoka Moshi. Waliimba kwaya moja, kwa hiyo hakuona haya kumweleza. Aika alivaa mabuti, akachukua kipimo chake, wakapanda shuleni.

Erasto aliwaonyesha mapovu makubwa yakichemka kwenye tangi. Aliyaonea fahari. Aika akasema hayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Povu kubwa hupanda haraka na kutoka na hewa yake. Povu dogo hukawia majini, hewa ikayeyuka. Visahani vya mpira vinavyotoa hewa chini ya tangi vilikuwa vimeziba, vingine vimechanika. Aika aliteremsha kipimo majini: hewa iliyoyeyuka haikufika hata miligramu moja kwa lita, na vijidudu vilihitaji kama mbili.

Kisha akaigusa mashine, akaondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa viroba vya mbolea vilivyoshonwa vizuri.

"Nani ameifunika?"

Erasto alimtazama mkewe. Mvua ya Rungwe haina likizo, na Elina ndiye aliyevishona viroba vile ili mashine isilowe.

"Ni mimi, dada," Elina alisema.

"Kuikinga na mvua hukukosea. Lakini inavuta hewa hapa pembeni. Ukipaziba inahangaika, inakula umeme mwingi, na hewa inatoa kidogo. Iwekeeni paa, pembeni muache wazi."

Elina aliona aibu kali. Uchafu aliouogopa, yeye mwenyewe ndiye aliyeuita.

Walizima umeme kwanza. Walivaa glavu, wakainua fremu ya visahani, wakavisugua. Vilivyochanika walivibadilisha kwa vya akiba vilivyokuwa stoo. Chujio la hewa lilijaa nyuzi za viroba, wakalisafisha. Juu ya mashine wakaezeka bati. Elina akatangulia nyumbani kukamua ng'ombe. Aika alimwachia Erasto kipimo na maelekezo.

Jumapili Elina aliimba kanisani bila kujua anaimba nini.

Jumatatu, saa nne ikikaribia, alikuwa shambani akipalilia. Mara akagundua kwamba ngurumo haisikiki tena. Alisubiri. Kimya. Akatupa jembe, akapanda mbio mpaka shuleni, kanga ikimdondoka.

Erasto na Mwalimu Reuben walikuwa wamesimama kando ya tangi.

"Mwalimu, naomba usizime," Elina alisema akihema. "Maji haya yanakuja kwetu."

Mwalimu alimtazama kwa mshangao. Erasto akauchukua mkono wa mkewe, akauweka juu ya mashine. Ilikuwa vuguvugu, ikitetemeka taratibu.

"Haijazimwa, mama Tulia. Tangu Jumamosi napima, hewa inazidi. Nimepunguza mwendo kidogo kidogo mpaka kipimo kikasoma mbili. Sasa haina haja ya kupiga kelele."

Mwalimu Reuben aliongeza kwamba tangu Jumamosi umeme uliotumika ni karibu nusu ya ule wa kawaida. Mashine itaendelea kufanya kazi.

Elina aliwashukuru wote wawili. Hakuutoa mkono mpaka moyo wake ulipotulia.