Kata Iliyotobolewa

Mwalimu Patroba tulimpenda hapa Kizingitini, tusimsingizie. Mtu wa bara, mpole, mwalimu wa hisabati. Alipanga chumba kwa Bi Kulthum, mjane aliyemwita mwanangu na kumwekea chai ya tangawizi kila alasiri.

Jumamosi ile alikuwa anaunda gurudumu la maji ndani ya kompyuta, awaonyeshe wanafunzi wake. Ni gurudumu lenye vikombe vilivyotobolewa chini. Maji yakimiminwa juu linazunguka kulia, linasita, linageukia kushoto, na hakuna ajuaye litageuka lini. Alichokosa ni kasi ya kuvuja tu.

Ukutani paliangikwa kata moja ya kuchotea maji, ya kifuu cha nazi, peke yake. Bi Kulthum alishamwambia kwamba ndiyo iliyomwosha marehemu mumewe, asiiguse. Lakini kata nyingine zilikuwa jikoni kazini, na mwalimu alikuwa na haraka zake. Akaitoboa kwa msumari, akapima maji yanavyovuja, akaingiza hesabu ile kwenye programu, akairudisha ukutani.

Gurudumu likazunguka vizuri mno. Akafurahi, masikini.

Chumba cha pili, Bi Kulthum akaanza kulalamika kiu. Saadiya, bintiye, akampa maji. Akampa tena. Mtungi ukaisha na midomo bado mikavu. Patroba akaenda kumjulia hali, kompyuta mkononi, na hapo ndipo alipoona. Gurudumu likienda kulia, bibi anageukia ukutani. Likirudi kushoto, anageukia mlangoni.

Akalisimamisha. Bibi akaacha kupumua.

Akaliwasha upesi. Kifua kikainuka.

"Mamangu ana nini, mwalimu?" Saadiya akanong'ona.

Angeitaja kata tu, na Saadiya, mtoto wa nyumba ile, angejua nani wa kuitwa. Aibu ikamfunga mdomo.

"Labda ni malaria," akasema, na akajichukia papo hapo.

Kisha umeme ukakatika mji mzima. Betri ikaanza kushuka. Akakaa kando ya kitanda, macho kwenye kioo, akiomba kimoyomoyo apate ujasiri wa kusema. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

Kioo kikazima.

Bibi akageuka, akamtazama yeye. Hakupumua tena.

Wanawake wakaja kuosha. Chini ya kitanda wakachimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti. Patroba alikuwa barazani, kichwa chini, Saadiya alipotoka ndani.

"Mwalimu, wewe umesoma," akanong'ona, akionyesha chini. "Mai twamtilia, hayashuki nti. Yenda wapi?"

Alijua yanapita tundu lipi. Alijua kuliko kitu chochote alichowahi kukifundisha.

"Sijui," akasema.

Saadiya akarudi ndani. Wale wanawake wapo, waulize. Walimaliza pipa zima juu ya Bi Kulthum, na ufuo waliufukia mkavu.