Sauti ya Yunisi Kwenye Tangazo la Sabuni

Kila siku baada ya masomo, Evaline alipitia soko la Mwandiga kumsaidia baba yake, Mzee Gaudensi, kufunga biashara ya maharage. Alizoa yaliyomwagika, akakunja magunia matupu, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Tangu mama yake, Yunisi, afariki mwaka juzi, njiani hawakuzungumza sana.

Jioni moja walikuwa wakishona mdomo wa gunia wakati spika ya duka la jirani ilipoanza kuimba. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na wimbo ulikuwa ule wa kubembeleza watoto ambao Yunisi aliutunga mwenyewe kwa Kiha, lugha ya nyumbani kwao. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili, nayo yalisifu sabuni ya unga.

Baba aliachia gunia, maharage yakatawanyika chini.

"Huyo ni mama yako," alisema.

"Labda ni mtu mwenye sauti kama yake, Baba," Evaline alijibu, akiinama kuokota maharage ili asitazamwe usoni.

Mwenye duka alieleza bila kuficha kwamba tangazo lilitengenezwa na Adolf, kijana mwenye studio ndogo kule Rusimbi. Adolf alikuwa mtoto wa shangazi yake Evaline.

"Nyimbo za mama yako ziko kwenye simu yangu tu," Baba alisema waliporudi kwenye magunia. "Adolf alizipataje?"

Evaline aliinamia gunia. "Mimi nilimtumia, ulipokuwa unaoga. Alisema atazisafisha zisikike vizuri. Akanipa spika za masikioni."

Baba hakumgombeza. Alifunga biashara peke yake, na Evaline aliona ingekuwa nafuu kama angepigwa.

Kesho yake walikwenda Rusimbi. Adolf aliwapokea kwa heshima, lakini hakuona kosa lake.

"Mjomba, sijaiba. Rekodi zenu bado mnazo. Mashine imesikiliza sauti, ikajifunza, ikaimba yenyewe. Marehemu hakuwahi kuimba maneno haya."

"Hilo ndilo linaloniuma," alisema Baba. "Unamtia mdomoni maneno asiyoyasema."

Kutoka hapo walikwenda Ujiji kwa wakili Restituta. Alisikiliza tangazo, kisha akasikiliza rekodi ya Yunisi mwenyewe.

"Wimbo ni utunzi wake," alisema. "Mtunzi akifa, hakimiliki haifi naye. Inabaki kwa warithi wake miaka mingi. Nitaandika barua, na tangazo litaondolewa."

"Na sauti?" Baba aliuliza.

Wakili aliweka simu mezani. "Sheria iliandikwa kabla ya mashine hizi. Wimbo inautaja, na rekodi inaitaja. Sauti iliyoigwa na mashine, sisi wanasheria bado tunabishana. Kama kijana huyu angeitumia sauti hii kwenye wimbo wa mtu mwingine, kazi yangu ingekuwa ngumu zaidi."

"Kwa hiyo wimbo ni wetu, lakini sauti ya mke wangu haina mwenyewe?"

"Sitaki kukudanganya, Mzee. Jibu kamili sina."

Barua ilifanya kazi. Maduka yalizima tangazo, na Adolf akafuta kazi yake mbele yao. Evaline alimrudishia spika zake za masikioni, akadhani yameisha.

Siku chache baadaye, alipokuwa akichota maji bombani, alikuta watoto wadogo wakiruka kamba huku wakiimba wimbo wa mama yake kwa maneno ya sabuni. Aliwaambia hayo si maneno yake, akaanza kuwafundisha yale ya Kiha. Yakamtoka ya sabuni. Alijaribu tena, yakatangulia yale yale. Watoto wakamcheka.

Alifika nyumbani akilia, akamweleza baba yake.

"Barua ya wakili imezima spika," Baba alisema. "Kwa watoto wale hatuna barua ya kupeleka. Ulidhani hukutoa kitu, kwa sababu rekodi ilibaki kwenye simu. Kumbe kuna vitu vinavyochukuliwa huku unaviona bado vipo. Mashine mpya zitakuja kila siku, na sheria itachelewa kuzifikia. Wewe usisubiri sheria, mwanangu. Kitu cha mtu, uliza kwanza. Na kama mwenyewe amekufa, waulize aliowaacha, kwa sababu yeye hawezi kukataa."