Msemaji wa Régine

Soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka siku ya mvua halina adabu. Watu walikuwa wakisukumana kuingia chini ya mabati, na Régine Lwaboshi, kitenge chake cha njano kimelowa mpaka magotini, alikuwa na beseni la sombe kichwani alipojikwaa kwenye waya wa fundi. Majani yote ya muhogo, pwaa! yakatua juu ya redio za wenyewe.

"Mama wee! Umekuja kunipikia redio?" fundi akauliza.

"Na we, nani anatega waya njiani, unawinda panya?"

Fundi akacheka. Alikuwa Mrundi mrefu, shati lake limepigwa pasi kuliko la mchungaji, jina lake Nahayo. Akainama kuokota majani, huku akiuliza sombe yote hiyo inakwenda wapi. Régine akajikuta anamwambia asichowahi kumwambia mtu: ameunda sanduku la kukaushia sombe kwa jua. Ikikauka inakaa miezi bila kuharibika, na Wakongo wa mitaa ya Area 36 na Biwi, kule Lilongwe, wanaigombania. Ila siku za mawingu kama leo, sanduku linalala.

"Linataka feni na paneli ya sola," Nahayo akasema.

"Linataka fundi," Régine akajibu, kisha akaona aibu, maana alilisema kwa sauti laini mno.

Basi feni ikafungwa, na mioyo nayo ikafungana humo humo. Jioni simu zilikuwa haziishi.

"Mukunzi, mpenzi wangu, umekula?" Nahayo anauliza.

"Mi nimekula. Na we?"

"Ugali wa nsima na maharage. Lakini nawaza sombe yako."

"Sombe, ao mwenye sombe?"

"Usinibane hivyo, sheri. Mi ni mutu wa kanisa."

Mwaka haujaisha, wakasikia kuna mfuko mjini Lilongwe unaotoa mitaji kwa biashara changa. Régine hakulala. Alitaka kikaushio kikubwa ambacho wanawake wenzake wangekitumia pamoja, na mlangoni jina lake. Mkimbizi ana namba, ana kadi, ana kibali cha kutoka kambini na cha kurudi. Kitu chenye jina lake mwenyewe hana.

Siku ya kujieleza alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe. Ukumbini vijana wa kiume walitangulia, na waamuzi wakawauliza: mtafika wapi baada ya miaka mitano? Mtaingia nchi gani nyingine? Ikafika zamu ya Régine. Mwamuzi mmoja, bwana wa tai nyekundu, akasoma kwenye simu yake, akainua macho.

"Ukiolewa, nani ataendesha? Ukipata mtoto? Ukichukuliwa kwenda Amerika kama wakimbizi wengine je? Na wateja wakikukimbia?"

Wenzake waliulizwa watapanda mpaka wapi. Yeye aliulizwa ataanguka lini. Akainamisha macho, akavuta pumzi.

Hapo ndipo Nahayo, aliyekuja kumsindikiza, aliposimama. Tusimhukumu haraka jamani! Kwa Warundi, na hata kwa watu wa Uvira, kwao Régine, jambo zito halisemwi na mwenye nalo. Siku ya mahari bwana harusi anakaa kimya, mzee mwenye ulimi mzuri anamsemea, na huko kusemewa ni heshima. Nahayo alimwona mpenzi wake anazama, akamfanyia heshima aliyoijua. Akaongea kama mto uliojaa. Waamuzi wakanyooka vitini, wakaanza kumuuliza yeye juu ya nchi nyingine.

Kesho yake simu ya Nahayo ililia wakiwa pamoja kibandani kwake. Akaiweka sauti juu ili wote wasikie.

"Hongera, Bwana Nahayo! Kampuni yako imechaguliwa."

"Zikomo, asanteni sana!" Nahayo akajibu, meno yote nje.

Régine alingoja aongeze neno moja tu. Nahayo hakuongeza.

"Kampuni ya nani?" akamuuliza simu ilipokatika.

"Sheri, ile njo maneno tu ya mudomo. Si sisi ni kitu kimoja?"

"Kitu kimoja, na jina ni lako."

"Lakini mi nilikusemea! Niliona umekwama!"

"Mi nilikuwa navuta pumzi, Nahayo. Hukuningoja hata nivute pumzi."

Akabeba beseni lake akaondoka. Nahayo alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Usiku Régine alilia kwenye mto, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda.

Juma lililofuata Nahayo akasimama mlangoni kwa kina Régine, vumbi la barabara limemjaa mpaka kope, uso unang'aa.

"Nimetoka Lilongwe. Nimebaambia kampuni si yangu, na ile pesa nimeikataa. Yote!"

Régine akamtazama, akamtazama tena.

"Nani alikutuma kuikataa?"

"Hein?"

"Ulipopokea hukuniuliza. Sasa umekataa, pia hukuniuliza! Mungu wangu, huyu mubaba nitamufanya nini?"

Nahayo akafungua mdomo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akaufunga. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Nimekosa mara mbili," akasema taratibu. "Niambie we unataka nini."

"Leta simu."

Régine akawapigia mwenyewe watu wa mfuko, akaomba kusikilizwa upya, kwa jina lake. Walisitasita, wakakubali.

Siku ya kusikilizwa upya Nahayo alimbebea sufuria ya sombe iliyopikwa kwa mawese, ya kuwaonjesha waamuzi baadaye, mpaka kwenye lango la ukumbi, akaishia hapo. Ndani, bwana wa tai nyekundu akachungulia mlangoni.

"Na Bwana Nahayo?"

"Iko inje, anachunga sufuria. Kampuni ni yangu."

"Sawa. Basi, ukiolewa..."

"Mzee, wale vijana wa siku ile, uliwauliza wakioa?"

Mwamuzi mmoja wa kike akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Régine akavuta pumzi, pole pole, na hakuna aliyemkatiza. Kisha akawaambia sombe yake itafika wapi: Mzuzu, Blantyre, Lusaka.

Walimpa mtaji hapo hapo. Lakini walimpa nusu ya kile walichomwahidi Nahayo, kwa sanduku lile lile na sombe ile ile, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Régine alitamani kuwarudishia nusu yao usoni. Akawaza wanawake wenzake wanaongoja na majani yao, akaipokea, jina lake juu yake.

Nje alimkuta Nahayo kwenye benchi, kifuniko mkononi, mdomo unang'aa mawese.

"Umekula sombe ya baamuzi!"

"Njaa, sheri. Na woga. Ilikuwaje?"

Akamwambia. Nahayo akakunja ngumi, akageuka kulitazama lango, na Régine akaona maneno yamemjaa kifuani. Hakusimama. Akafunika sufuria vizuri.

"Régine, baba zangu wadogo banataka kuleta musemaji kwa baba yako. Nibaambie nini?"

"Musemaji atakuja siku ya mahari, njo desturi. Leo sema mwenyewe."

Na yule aliyeongea ukumbini kama mto, akaanza kugugumia. Aliangalia viatu, akaangalia sufuria, jasho likamtoka.

"Mi... Régine, mi nakupenda. Unioe. Yaani, nikuoe. Kama unataka."

Régine alikuwa na jibu tangu siku ya mvua. Lakini kwanza akavuta pumzi ndefu, na Nahayo akangoja.

"Nataka," akasema.