Mpishi Naye Ale Chakula cha Moto

Nyumbani kwetu mpishi hula mwisho. Mpishi mwenyewe ni mimi. Wageni wakija, mimi napakua, natandika, naosha, kisha jioni nakwangua sufuria. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa.

Mara ya mwisho wali na mchuzi wa kuku viliiva saa sita mchana. Wageni walikuja kwa mafungu. Mimi nilikula saa kumi na moja, mchuzi ukiwa vuguvugu. Kesho yake nililazwa hospitali kwa kuharisha. Wageni wote walikuwa wazima.

Wifi yangu alikuja kuniona wodini pamoja na mama mkwe.

"Tumbo lako laini, wifi," alisema. "Sherehe ya kumuaga kaka anayestaafu kazi tutaifanya kwangu. Wewe huwezi."

"Thubutu!" nilisema. "Mume wangu ataagwa nyumbani kwangu. Na safari hii nitakula pamoja na wageni."

Mama mkwe aliguna. "Makubwa! Sasa nani atapakua?"

Jirani yetu alikuwa amesimama mlangoni na trei ya uji. Yeye ni mpishi wa kantini ya hospitali. Kwa ukali wake tunamwita Afande.

"Tumbo lako halina kosa," Afande aliniambia wale wawili walipoondoka. "Chakula kikikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu huzaliana. Wa kwanza wanakula chakula. Wewe wa mwisho unakula vijidudu."

Nilishikwa na hasira. Miaka yote hiyo!

"Nifanyeje?"

"Nunua vyombo vya bafe, vile vinavyotunza chakula kikiwa moto. Kila mtu ajipakulie. Kwani hawana mikono?"

Nilipopona tulikwenda dukani. Mimi nilikimbilia chombo kikubwa chenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Afande alikisukuma kidogo, kikayumba.

"Utakula dhahabu? Tazama miguu, isitikisike. Tazama kifuniko, kikae sawasawa. Tazama trei ya chini, iwe na kina cha kutosha maji."

Tulichukua viwili vya wastani. "Kikiisha chakula, unaleta trei nyingine ya moto kutoka jikoni," alisema. "Usimwagie kipya juu ya kilichobaki."

Nyumbani nilitaka kujaribu peke yangu. Niliweka wali juu, nikawasha chini yake kikopo cha jeli ya kuwashia moto. Maji sikutia. Niliogopa wali usije ukalowa. Punde moshi ukatanda sebuleni.

"Mke wangu, tunaagana au tunachomana?" mume wangu aliuliza huku akikohoa.

Wifi alikuwapo. Alicheka mpaka machozi. "Si nilisema?"

"Cheka, wifi. Kuungua wali si kuungua mimi," nilimjibu, nikamwita Afande.

Afande alikizima kikopo kwa kukifunika na kifuniko chake. "Usipulize, jeli itaruka. Wala usiongeze jeli moto ukiwaka. Mchana mwali wake hauonekani vizuri." Kisha akamimina maji yanayochemka kwenye trei ya chini, kina cha vidole viwili. "Mvuke ndio unaotunza chakula. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Na chakula kiingie kikiwa moto tayari. Chombo hiki hakipiki."

Siku ya sherehe nilivipanga vyombo mezani karibu na dirisha lililo wazi, mbali na pazia na watoto. Nilitia maji yanayochemka, nikawasha, nikasubiri dakika kumi. Ndipo nikaweka wali na mchuzi.

"Karibuni mjipakulie," nilitangaza. "Ukifungua, funga."

Watu walitazamana. Kisha mume wangu, aliyekuwa fundi bomba kwa miaka thelathini, alichukua sahani akaenda wa kwanza. Wengine wakamfuata. Waliochelewa nao waliukuta mchuzi unatoa mvuke.

Nami nikachukua sahani.

"Wewe!" mama mkwe alinong'ona. "Wageni hawajamaliza."

"Najua, Mama. Na mimi sijaanza."

"Mtu hana haya," wifi alisema.

"Haya ninayo, wifi. Ninachokataa ni kulazwa."

Nilivuta kiti, nikakaa katikati yao. Nikala. Wali ulikuwa wa moto, mchuzi wa moto, mpaka nikapuliza kijiko. Mama mkwe alinisogezea sahani yake.

"Niongezee mchuzi," alisema.

"Ule pale, Mama. Ukifungua, funga."

Mama mkwe aliinuka polepole, akajipakulia, akafunga kifuniko vizuri. Aliporudi alimgeukia wifi. "Na wewe kachukue kabla hakijaisha."

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa kazini kwenye cherehani yangu, mzima kabisa. Na sili tena mwisho.